Barua ya wazi kwa Lwiro: Tupeni njia ya miguu

Kwa Mkurugenzi Mkuu na watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia (CRSN) cha Lwiro; kwa marekta wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, Chuo Kikuu cha Goma na Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu (ULPGL).

Baba zetu na mama zetu waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Bweremana. Tuko mwambao mmoja nanyi, magharibi mwa Ziwa Kivu, ila sisi tuko juu kaskazini, upande wa Masisi, kwenye barabara itokayo Sake kwenda Minova. Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari. Ombi langu nalitaja mwanzoni msije mkalitafuta: unganisheni vyumba vya makusanyo vya Lwiro kwa njia moja ya miguu, yenye vituo vinavyofuatana na vibao vya Kiswahili. Mwanafunzi aanze asubuhi kwenye mawe na mitetemeko ya ardhi, apite kwenye samaki, mimea, nyoka na vyombo vya mababu, na saa sita atokee maktabani akiwa amelielewa ziwa lake. Siombi jengo jipya wala mfadhili kutoka mbali. Naomba vilivyopo vifunguliwe kwa mpangilio ambao mtoto wa miaka 15 anaweza kuutembea na kuukumbuka.

Kwa wasomaji wengine wa barua hii, wengi wao vijana ambao jina la Lwiro wamelisikia kwa sababu ya sokwe tu, naeleza kidogo. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati, IRSAC, wakaweka makao yake makuu Lwiro, katika Kabare, kilomita 45 hivi kaskazini mwa Bukavu, chini ya milima ya Kahuzi. Matawi yake yalikuwa Uvira, Astrida ambayo leo ni Huye, Mabali karibu na Ziwa Tumba, na Elisabethville, yaani Lubumbashi. Baada ya uhuru taasisi ilibadilishwa jina na muundo, hadi ikawa CRSN tunayoijua. Kazi ya miaka hiyo yote imebaki pale: mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, nyoka na vyura kwenye mitungi, wadudu waliochomwa pini, ndege waliokaushwa, vyombo vya makabila, vipimo vya mitetemeko, na maktaba ambayo mtu akiingia hataki kutoka. Lwiro si chuo kikuu kwa sheria, lakini wanafunzi wenu wa vyuo vikuu ndio wanaokwenda huko kufanya utafiti wa kumaliza masomo, na mandhari yake ni ya chuo: majengo, njia, bustani, nyumba za watafiti.

Kila idara iko kwenye pembe yake, na najua sababu. Mtaalamu wa vyura hahitaji kupita kwa mtaalamu wa mawe. Mtafiti huja na swali lake mfukoni, akafungua droo moja, akaondoka. Mwanafunzi wangu hana swali bado. Swali analipata pale vitu viwili alivyodhani havihusiani vinapokutana mbele yake, tena vikutane kwa mfuatano, akiwa na muda wa kutembea katikati na kumuuliza mwenzake. Ndiyo maana nasisitiza njia ya miguu, wala siombi chumba kimoja cha maonyesho. Kutoka chumba hadi chumba Lwiro unatoka nje. Mlima unauona. Ziwa unaliona kule chini. Jani ulilotoka kuliona limekauka drooni lina mti wake hai kando ya njia. Hakuna kabati la vioo litakaloleta hayo.

Niruhusuni niitembee njia hiyo nanyi kwa maneno, jinsi mwalimu wa huku angependa ipangwe.

Ianze na ardhi yenyewe. Lwiro imesikiliza mitetemeko ya Kivu tangu miaka ya 1950, na kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilitokana na idara yenu ya jiofizikia. Wanafunzi wangu hawahitaji kuelezwa kwamba ardhi hutikisika. Wazazi wao wanakumbuka volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 iliyokata mji wa Goma vipande viwili, na tetemeko la Kalehe la Oktoba mwaka huohuo. Wao wenyewe wanakumbuka ilivyolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku zilizofuata, watu wa Goma walipoamriwa kuhama wakaja Sake kwa maelfu, wengine wakapita kwetu hadi Minova na magodoro kichwani. Kitu wasichokuwa nacho ni picha inayoziunganisha siku hizo. Karatasi moja ya kale ya kipima mitetemeko, ile yenye mstari uliotulia halafu ukaanza kuruka, ikiwekwa ukutani na tarehe yake na maelezo ya mistari mitano kwa Kiswahili, itafanya kazi ambayo ubao wangu wa darasani umeshindwa kuifanya.

Hapohapo paelezwe maporomoko. Tarehe 4 Mei 2023 mvua ilishusha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, kwenye barabara hii yetu, watu zaidi ya 400 wakafa. Darasani nimesikia maelezo mengi juu ya msiba ule, mengine ya laana. Siwalaumu watoto. Maelezo ya udongo, mteremko na miti iliyokatwa yako kwenye maabara na ripoti, na ripoti hazishuki hadi sokoni.

Kituo cha pili ni maji, na hapa nawaomba mkae sana, kwa sababu hapa ndipo mtoto wa Bweremana ana mali kubwa asiyoijua. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, na chini kumeyeyuka gesi kwa wingi wa kutisha: kilomita za ujazo 60 hivi za methani, na hewa ukaa mara tano ya hapo. Mbelgiji Hubert Damas alilipima ziwa hili miaka ya 1930 na kuanza kufunua jinsi tabaka zake zilivyolaliana bila kuchanganyika. Karibu yetu kabisa kuna ghuba ya Kabuno, ambako maji yenye chumvi na hewa ukaa nyingi yanaanza mita 11 tu chini ya uso. Huku kila mtu anajua mazuku, ile hewa inayokaa kwenye mabonde kati ya Goma na Sake na kuua mbuzi alfajiri, na mara nyingine mtu. Wachache wanajua kwamba mazuku ni hewa ukaa ileile, nzito kuliko hewa tunayovuta, inayotiririka chini na kutuama kama maji. Kibao kiseme hivyo. Kiseme pia kwamba tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos la Kamerun, dogo sana mbele ya Kivu, lilitapika hewa hiyo usiku na kuua watu zaidi ya 1,700. Msiogope kuwatisha watoto. Wanaishi juu ya jambo hili, na woga wenye maelezo unamfundisha mtu wapi asilale na mbuzi wake asimfunge wapi.

Halafu samaki. Mwanafunzi yeyote wa huku ukimuuliza samaki wa asili wa Kivu atakutajia sambaza. Tumelelewa nao, mama zetu wanauza sambaza, usiku taa za wavuvi zinajaa ziwani kwa ajili ya sambaza. Lakini sambaza hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa kuwa Kivu halikuwa na samaki wa kula vijidudu vya maji ya katikati. Aliletwa kwa kubahatisha, akazaana, akawa chakula cha mamilioni. Na alipoingia, vijidudu vikubwa vilivyokuwa vimeelezwa na watafiti wa kwanza vilipungua hadi aina moja haikuonekana tena. Habari hii moja ina masomo yote ninayotakiwa kufundisha mwaka mzima: mtandao wa chakula, uvamizi wa spishi, uchumi, na maamuzi ya watu waliotawala bila kuuliza. Inahitaji mitungi miwili tu mezani, wa kwanza wenye sambaza, wa pili wenye samaki wadogo wa jamii ya Haplochromis ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa hapa Kivu. Watoto wakisimama mbele ya mitungi hiyo watabishana wenyewe. Ndicho ninachokitaka.

Tena kibao cha kituo hicho kisiwe na Kilatini na Kifaransa peke yake. Wavuvi wa Bweremana, wa Kalehe, wa Idjwi wana majina ya kila samaki na kila upepo wa ziwa hili, kwa Kihunde, Kihavu, Kitembo, Kishi. Wekeni majina hayo kando ya yale ya wataalamu, kwa herufi za ukubwa uleule.

Mimea naipita haraka, si kwa kuidharau. Herbario ya Lwiro inajulikana na wataalamu duniani kwa kifupi chake, LWI, na hilo latosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba jani lililokusanywa Kahuzi linasomwa mbali. Njiani kutoka hapo wekeni alama kwenye miti hai. Pawe na mkinkina, mti wa milima ya Andes ulioletwa Kivu na kupandwa kwenye mashamba yetu. Gamba lake ndilo linalotoa kwinini, na Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimeishi kwa gamba hilo. Na kibao cha miti ya dawa kiwataje Batwa, waliofukuzwa msituni Kahuzi miaka ya 1970 ilipogeuzwa hifadhi ya taifa, kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi wa msitu ule ni wao. Mkiweka majina ya mimea bila kuwataja waliokuwa wakiitumia, njia itakuwa imeanza vibaya.

Nawaomba msisahau hospitali ya watoto ya Lwiro. Najua si makumbusho. Lakini ugonjwa wa bwaki, yaani kwashiorkor, umetibiwa na kuchunguzwa pale kwa miongo mingi, na yaliyoandikwa kutokana na kazi hiyo yamewasaidia madaktari wa nchi nyingine. Kibao kimoja nje ya ukuta, bila kuwasumbua wagonjwa, kieleze kwa nini mtoto huvimba miguu na nywele zikawa nyekundu hata kama tumbo limejaa muhogo. Miongoni mwa wasichana wangu kuna watakaokuwa mama baada ya miaka michache. Hicho ni kibao kitakachookoa mtu.

Sasa vyombo vya mababu. Hapa naomba msikilize kwa makini zaidi, maana nazungumza pia kwa niaba ya ndugu zetu wa Walikale. Miaka ya 1950 IRSAC ilimtuma Daniel Biebuyck kati ya Balega na Banyanga. Mwaka 1956, katika nchi ya Banyanga, Walikale, alikutana na Shekarisi Candi Rureke, mzee aliyemwimbia utendi wa Mwindo kwa siku kumi na mbili, akicheza, akiigiza, akipigiwa ngoma, na wasaidizi wakiandika hadi vidole vikauma. Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu na Mnyanga mwenyewe, waliuchapisha mwaka 1969 huko California. Leo utendi huo unasomwa vyuoni Marekani. Nimekutana na vijana wa Walikale, wakimbizi wa ndani waliofika huku na familia zao, ambao hawajawahi kuusikia. Wanajua majina ya machimbo ya Bisie na Mubi. Jina la Rureke hawalijui.

Kwa hiyo kituo hiki kisiwe cha kutazama tu vikapu na vinyago nyuma ya kioo. Kiwe na sauti. Hilo si wazo geni Afrika ya Mashariki. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanza mwaka 1908, yalihamishiwa kwenye kilima cha Makerere miaka ya 1940 na kukaa kwenye shule ya sanaa ya Margaret Trowell hadi yalipopata jengo lake la Kitante mwaka 1954. Mtunzaji wake kuanzia mwaka 1948 alikuwa Klaus Wachsmann, na yeye alikataa ngoma na zeze zikae kimya. Aliweka wapigaji, mgeni akasikia chombo kikifanya kazi yake. Nanyi mnaweza kumwalika mzee wa Kinyanga, mzee wa Kihunde, mama wa Kitembo anayejua hadithi za jioni, mara moja kwa mwezi. Nauli na chakula chake, na heshima ya kumkalisha kwenye kiti cha mbele. Gharama ya programu hiyo ni ndogo kuliko semina moja ya hoteli.

Makerere naitaja kwa sababu nyingine pia. Kilima kile kina jumba la sanaa, makusanyo ya wanyama, herbario, nyaraka za muziki alizoziacha Wachsmann, na Jengo Kuu la mwaka 1941. Mtu anayevitembea kwa miguu anaiona historia ya chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi ya wanafunzi 14. Kutoka shule ile ya sanaa wametoka Gregory Maloba wa Kenya, aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala mwaka 1962, na Sam Ntiro wa Tanganyika. Tarehe 20 Septemba 2020 Jengo Kuu liliungua. Watu walilia hadharani, waliosoma pale walichanga, serikali ilitoa fedha, na mwaka 2024 lilifunguliwa tena. Waliolia ni waliokuwa wamelitembea. Nawauliza kwa heshima: Lwiro ikiungua usiku wa leo, Bweremana nani atalia? Watu wa Katana, jirani na Lwiro, watalia, kwa kuwa wanafanya kazi pale. Watafiti wa Ubelgiji na Marekani wataandika barua. Sisi wa Masisi na Walikale, ambao sehemu ya mali hiyo imetoka kwetu, tutasikia habari redioni na kuendelea kupika.

Hapa nafika kwenye mjadala mkubwa wa nchi. Februari 2022 Ubelgiji ilimkabidhi Waziri Mkuu wetu orodha ya vitu 84,000 hivi vya Kongo vilivyoko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na Juni mwaka huo Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kikawekwa kwenye Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 2019. Nafurahi, na nadai kama Mkongomani mwingine yeyote kwamba vilivyochukuliwa virudi. Lakini dai hilo linakosa nguvu mdomoni mwetu ikiwa vilivyobaki nyumbani, kwenye barabara inayopita mbele ya shule yangu, watoto wetu hawavijui. Ninyi wa Lwiro mnaweza kulitia nguvu kwa rangi, mbao na saa za kufungua mlango.

Sokwe wawe mwisho. Hili nalisema kwa msimamo ingawa najua baadhi yenu mtapinga, kwa kuwa wao ndio wanaoleta wageni. Kituo cha sokwe cha Lwiro kina sokwe zaidi ya mia moja na nyani wengi, karibu wote yatima wa ujangili, na kazi inayofanywa pale naiheshimu sana. Njia ikianza nao, watoto watakimbilia huko na vyumba vingine vitakuwa vimekufa. Wakifika mwisho, baada ya kuona msitu, mawe, dawa na hadithi, watamtazama sokwe yule kwa jicho la mtu anayejua alikotoka na kwa nini mama yake aliuawa. Kati ya vyombo vya mababu na sokwe, kwa maoni yangu, pawe na maktaba, nusu saa ya kukaa kimya na kufungua kitabu kimoja.

Kuna watakaosema: mwalimu huyu haoni vita? Naiona. Mwaka 2025 ulianza na waasi wa M23 kuingia Minova tarehe 21 Januari, kisha Sake, kisha Goma. Katikati ya Februari wakafika uwanja wa ndege wa Kavumu, jirani zenu kabisa, na Bukavu. Shule yangu imekuwa makao ya wakimbizi, imefungwa, imefunguliwa. Kabla ya hapo, barabara ya Goma ilipokuwa imekatika kwa mapigano, watu wetu walikuwa wakivuka kwa boti, na tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikikaribia bandari ya Kituku, Goma, watu wengi wakafa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri bandarini. Siwaombi mpange safari za shule kesho asubuhi. Naomba njia iwe tayari, ili barabara ikitulia kwa mwezi mmoja tusiupoteze mwezi huo kwa mikutano.

Tena vita ndiyo hoja yangu. Wafanyakazi wenu waliilinda Lwiro miaka ya 1996 hadi 2003 kwa mishahara iliyokuwa haifiki, wakati ofisi ngapi za nchi hii ziling'olewa hadi milango. Heshima hiyo hawajapewa vya kutosha, na wengi wao ni wazee sasa. Wanajua kila droo ina nini na ilitoka wapi. Ujuzi huo ukiandikwa kwenye vibao na kufundishwa kwa waongozaji vijana, utabaki. Kitu kinachojulikana na vijiji kumi ni kigumu kuuzwa usiku; kitu kinachojulikana na mtu mmoja mwenye funguo huondoka bila mtu kuuliza.

Juu ya usalama wa vielelezo, ambao najua ndio wasiwasi wa kwanza wa mtunzaji, siombi watoto waguse. Vielelezo vya kwanza vilivyotumiwa kuzipa spishi majina vibaki kabatini vimefungwa. Kwenye njia wekeni vilivyo viwili au vitatu vya namna moja, nyuma ya kioo, watoto ishirini kwa wakati mmoja, mwongozaji mbele na mwingine nyuma.

Na waongozaji hao, waheshimiwa marekta, ni kazi yenu. Wanafunzi wa biolojia, jiolojia, historia na isimu wapewe alama za mafunzo ya kazi kwa kuongoza Jumamosi moja kwa mwezi. Mwanafunzi wa jiolojia anayeweza kumweleza mtoto wa Bweremana mazuku kwa Kiswahili kinachoeleweka amefaulu mtihani mgumu kuliko mingi anayopewa. Maandishi ya vibao yatungwe na wanafunzi wenu, yasomwe na walimu wa sekondari kabla ya kupakwa rangi, na wachoraji wa Bukavu na Goma wanaoandika kwa mkono kwenye kuta za maduka wapewe kazi. Wana herufi nzuri na bei yao tunaiweza. Bukavu mapadri Waxaveri wana makumbusho yao madogo ya vitu vya Kivu. Washirikisheni, wana uzoefu wa kupokea vikundi vya shule.

Kwa sisi tulio mbali naomba kitu cha ziada: sanduku. Mitungi miwili ya sambaza na Haplochromis, mawe matano ya volkano yenye majina, karatasi kumi za mimea, picha ya mstari wa tetemeko, na kanda yenye sauti ya mtambaji wa Walikale, pamoja na maandishi ya vibao vyote. Sanduku lipande gari Katana, Kalehe, Minova, hadi Bweremana, likae wiki tatu, liende Kirotshe, Sake, na siku moja hadi Masisi-kati na Walikale. Wanafunzi watakaolipokea ndio watakaotaka kuja kuitembea njia yenyewe.

Upande wetu tunatoa hivi. Darasa langu la tano, mchepuo wa biolojia na kemia, limekubali kukusanya kwa wavuvi wa Bweremana majina ya Kihunde na Kihavu ya samaki, ndege wa majini, pepo na mawimbi, pamoja na maelezo ya nani anayetumia jina gani na wapi. Orodha itawafikia kwa mkono wa mtu anayesafiri, ikiwa imeandikwa vizuri na kuhakikiwa na wazee watatu. Tunaomba kwanza mtuambie idara ipi ya Lwiro itaipokea, na ni nani kati ya vyuo vinne atakayesimamia kibao cha kwanza, kile cha maji.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa biolojia, Bweremana, Masisi